Kopo la Visheti Mjini Dublin

Bertrams, Johannesburg
Jumanne, baada ya Alasiri

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada, na shikamoo ya pili kwa ajili ya hii miezi niliyokaa kimya. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mtoto wa Bi Rehema akuletee, uliipata, au alijichua mwenyewe njiani? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baridi imetukalia, nyasi zote za barabarani zimekauka zimekuwa rangi ya mkeka, na hapa naandika nimejifunga blanketi kiunoni kama mgonjwa. Lakini mzima kabisa, nakula vizuri.

Uliniambia nikuandikie, kwa sababu kila nikifika penye utamu simu inakatika, na kwa sababu unataka kuwasomea wenzako wa darasa la kina mama. Wasomee. Waambie kwamba mimi, niliyeishia darasa la saba pale Makorora, nimepanda meli kubwa kuliko soko la Ngamiani, yenye lifti ndani. Na kabla ya meli nilikaa Dublin, mji wa Waayalandi, mgeni wa hoteli, nikitandikiwa kitanda na mtu mwingine. Yote haya kafanya Zuhura. Mimi si mtu wa kujisifu, unanijua, lakini mtoto niliyemlea kwa kuuza soksi barabarani leo ana ofisi Sandton, kwa matajiri wa huku, ghorofa ya tisa, na mlangoni pameandikwa jina la baba yetu. Nimeupiga picha ule mlango. Picha imo ndani ya bahasha, itazame upande wa kulia, usitazame ile ndoo ya kupigia deki.

Tulikwenda wanne. Mimi, Zuhura, mumewe Swaleh, na mjukuu wangu Salma wa miaka saba. Swaleh unajua ni Mmombasa, anafanya kazi benki, mpole mpaka unamhurumia. Ukiwa naye njiani hakuachii kubeba hata mwavuli. Salma Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na mimi ananiita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao. Zamani nilikuwa namkatalia. Sasa nimezoea, nasikia kama cheo.

Siku mbili kabla ya safari nilikaanga visheti, nikavitia shira ya iliki, nikavijaza kwenye lile kopo la bati la biskuti, la duara, lenye picha ya farasi kifunikoni. Zuhura akacheka, akasema Mama, hotelini kuna chakula. Nikamwambia chakula ninachojua alichokipika nani ndicho chakula.

Wewe unajua habari yangu na makopo, ila wenzako hawajui, kwa hiyo hapa waeleze. Mwaka ule wa fujo tulikuwa tunapanga chumba Alexandra, hapa hapa Johannesburg, Zuhura ameanza sekondari. Vijana walipoingia mtaani kutafuta wageni nilitoka na mtoto mkono huu, kopo la chakula mkono huu. Kwenye kona wakatusimamisha. Wakachukua simu, wakachukua mkoba, wakanivua na viatu. Kopo walilifungua, wakakuta mihogo ya kukaanga, wakalifunga wakanirudishia. Chini ya ile mihogo zilikuwepo paspoti zetu na cheti cha Zuhura cha kuzaliwa. Tangu siku ile karatasi zangu hulala na chakula. Hapa Bertrams zinakaa kwenye debe la unga, na hakuna mwizi aliyewahi kuzikuta, na wameingia mara mbili.

Basi. Tulifika Dublin Ijumaa jioni. Jumamosi ilikuwa siku yetu ya kuutembea mji, na Jumapili saa sita mchana meli inaondoka. Zuhura alikuwa ameziweka paspoti zote kwenye kisanduku cha chuma kilichomo kabatini mwa hoteli, kinachofunguliwa kwa namba. Mimi kile kisanduku sikukipenda. Kila chumba kinacho, kwa hiyo kila mwizi anajua pa kuanzia. Asubuhi Zuhura alipoingia kuoga na mumewe ameshuka kuuliza habari za mabasi, nikamwambia Salma anifungulie. Namba zilikuwa siku yake ya kuzaliwa, naye alizijua kwa sababu mama yake alimwambia asimwambie mtu. Nikazitoa zote nne, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikazilaza chini ya kopo, juu yake kitambaa, juu ya kitambaa visheti. Kopo nikalitia kikapuni. Nikatoka moyo mweupe kabisa. Hapa usiwasomee.

Dada, Dublin ni mji mzuri na sitakudanganya, una baridi. Wao wanaita kiangazi. Mvua yake ni kama jirani asiye na kazi, inaingia, inakaa kidogo, inaaga, halafu inarudi imesahau kitu. Jua linachelewa kuzama mpaka Magharibi unaisali saa nne, na watoto bado wanacheza nje. Nilichotazama sana mimi ni madirisha. Nilitafuta nondo, hakuna. Nyumba imekaa barabarani, haina ukuta, haina waya wa umeme, mlango umepakwa rangi ya manjano kama inaita watu. Tukapanda basi la ghorofa, na kila anayeshuka anamshukuru dereva. Kila mmoja, mpaka vijana wenye pete puani. Nikasema hawa wanaigiza au vipi. Na mimi nilipofika mlangoni nikamshukuru, akanijibu vizuri kama ananifahamu.

Zuhura alikuwa anatembea simu mkononi, peupe, anapiga picha. Kila tukisimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, namziba kwa kanga yangu. Akaniambia, "Mama, sharp, sawa, tulia. Hapa hakuna tabu." Akacheka, na mimi nikacheka, ila kanga sikuitoa.

Tulikwenda kwenye bustani yao yenye bata, tukatembea mtaa wa wapiga gitaa, mpaka tukafika mtoni. Mto unapita katikati ya mji, na una daraja jeupe la chuma la watu wa miguu tu, limejikunja kama mgongo wa paka. Hapo Salma akabanwa na haja. Nikaenda naye mimi na mama yake kutafuta choo kwenye duka moja, tukakuta foleni. Swaleh tukamwacha darajani na kikapu.

Tuliporudi nikakishika kikapu changu nikasikia chepesi.

"Swaleh baba, kopo liko wapi?"

Akafurahi kuulizwa, masikini. "Nimempa mzee mmoja, Mama. Alikuwa ameketi pale mwanzo wa daraja na mbwa wake, karowa chepe. Nilitaka kumpa visheti vitatu mkononi, nikaona haya. Nikampa na chombo chake, kama ulivyonifunza."

Na kweli nilimfunza mimi. Mwaka jana alimpelekea mlinzi wa jengo lao wali kwenye karatasi, nikamgombeza mbele ya mkewe, nikamwambia sisi mtu mzima hatumtilii chakula kiganjani kama kuku, anapewa na chombo, na chombo hakidaiwi. Sasa utamlaumu nani?

 Nikasema tu nalitaka kopo langu. Zuhura akacheka, "Kopo la biskuti, Mama? Nitakununulia kumi." Nikashika njia. Tukaenda mpaka pale alipokuwa ameketi yule mzee, tukakuta kipande cha boksi kilicholowa, basi. Hapo ndipo nilipowaambia.

Nimewahi kumpa Zuhura habari mbaya nyingi maishani. Ya baba yake nilimpa mimi. Hakuna iliyompiga kama hii. Salma akaanza kulia, akasema yeye ndiye aliyefungua. Nikamwambia mama yake mtoto hana kosa, nimemtuma mimi. Zuhura akakaa kwenye ngazi ya daraja, na nguo nzuri ile, akaweka mikono magotini. Sikumsikia akipiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisema taratibu:

"Mama, safari zote ulizosafiri na mimi tulikuwa tunakimbia. Nilitaka moja tu ambayo tunakwenda."

Dada, miaka mitatu alikuwa anaipanga ile safari. Mimi nilidhani ananitembeza ili watu waone.

Swaleh alikuwa ameshatoa simu, anatafuta ofisi za ubalozi. Paspoti nne, nchi tatu: yangu Tanzania, yake Kenya, ya Zuhura na mtoto Afrika Kusini. Na ni Jumamosi, ofisi zote zimefungwa mpaka Jumatatu, na meli haingoji Jumatatu. Akasema twende polisi. Nikasema tutakwenda, ila kwanza nipeni mpaka saa kumi na moja. Nikamshika Zuhura mkono nikamwambia inuka, machozi yako tutayamalizia melini. Akanitazama kama mtu aliyechoka na mimi tangu azaliwe. Lakini akainuka.

Swaleh akawauliza watu watatu kwa Kiingereza chake cha benki. Wote wakamhurumia, wakaenda zao. Mimi nikawa natafuta mtu anayeuza barabarani. Mji wowote, anayejua nani anakaa wapi ni yule aliyepanga vitu vyake chini. Miaka kumi na mmoja niliuza soksi na vitana karibu na stendi ya teksi hapa mjini, na nilijua kila mtu anakunywa chai wapi na nani hamsalimii nani. Nyuma ya mtaa mmoja nikamwona mama mnene mwenye aproni anauza maua kwenye ndoo, upepo umempindulia turubai lake, anahangaika nalo peke yake. Sikumuuliza kitu. Nikashika ncha ya pili, nikaifunga kwenye mti wake kwa lile fundo langu la kibandani, lile lisilofunguka hata uje na upepo wa Agosti. Akalivuta, halikuachia. Akaniuliza ninauza nini. Nikamwambia soksi, ila nimestaafu, mwanangu ni bosi Sandton. Usicheke, ilinitoka tu.

Basi tukawa watu wa kazi moja. Nikamuuliza mzee mwenye mbwa. Akasema mbwa ana sikio moja? Swaleh akasema ndiye. Yule mama akasema kila Jumamosi mzee huyo huvuka mto kwenda kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, wanagawa chai na supu saa kumi. Lakini tufanye haraka, kwa sababu akishakunywa chai hupanda basi, na anakoteremka hakuna anayekujua, mpaka Jumamosi nyingine.

Ilikuwa saa kumi na robo. Dada, mimi na miguu yangu hii. Swaleh akambeba Salma mgongoni, Zuhura akabeba kikapu kitupu, mimi nikatangulia. Mvua ikatukuta katikati ya daraja na hakuna aliyefungua mwavuli. Tulipofika, Swaleh akasita mlangoni, akanong'ona, "Mama, ni kanisa hili." Nikamwambia kanisa ni lile la mbele, hili ni jiko lao, na paspoti yangu imo ndani.

Ndani kuna meza ndefu na watu kama thelathini, wengi wazee, makoti yamelowa yanafuka mvuke. Katikati ya meza, kopo langu. Limefunguliwa, mikono inaingia inatoka. Na yule mzee amekaa kichwani mwa meza, ndevu nyeupe, anawakaribisha watu kama yeye ndiye baba aliyeoza binti. Alipomwona Swaleh alisimama akawatangazia wote kwamba huyu ndiye mwenye vitamu. Wakasogea, wakatupa nafasi, wakatumiminia chai. Mbwa akaja akalala juu ya miguu yangu, na udhu wangu ukawa wasiwasi mtupu, nikajikaza.

Zuhura alitaka kulivamia kopo. Nikambana paja chini ya meza. Kwanza watu wanakula, humwondolei mtu chakula mdomoni. Na la pili, sikutaka kulitaja neno paspoti mbele ya watu nisiowajua. Tangu Alexandra sijapata kumwambia mtu baki karatasi zangu ziko wapi, hata huyu mkwe nilimwambia baada ya Salma kuzaliwa. Nikajipangia: visheti viishe, halafu nitaomba kopo tupu kama kumbukumbu, kimya kimya, na hakuna atakayejua. Nikawa nakunywa chai nahesabu visheti. Wewe, vinavyopendwa! Mmoja alikula sita.

Mara akasimama kijana wa pale jikoni, akalichukua kopo na visheti vilivyobaki, akaanza kwenda nalo kwenye mlango wa nyuma, nadhani kuwapelekea wenzake. Kifuniko kakifunga. Nikamwona Zuhura ameshika ukingo wa meza, ananitazama mimi. Hakumtazama kijana, mimi. Na nikajua nikikaa kimya sasa, hata zikipatikana, tutakuwa tumepoteza kitu kingine.

Nikasimama. Sauti yangu unaijua, ya kuita wateja. Nikasema kwa Kiingereza changu cha barabarani:

"Samahani ndugu zangu. Chini ya visheti hivyo kuna paspoti zetu nne. Mimi ndiye niliyezificha. Kesho tunapanda meli. Naomba mnisaidie."

Vijiko vikawekwa chini. Mimi nikangojea lile ninalolijua, la kuambiwa mgeni rudi kwenu. Kijana akarudi, akaliweka kopo mbele ya yule mzee. Mzee akajifuta mikono kwenye koti, huku na huku. Akavitoa visheti kimoja kimoja akavipanga kwenye sahani, wala hakuvimwaga. Akainua kitambaa, akatoa ule mfuko. Halafu, dada, akavaa miwani.

Akaifungua ya kwanza, akaitazama picha, akamtazama Salma, akampa. Ya pili, ya Zuhura, akafanya hivyo hivyo. Ya Swaleh aliitazama mara mbili, kwa sababu kwenye picha ana ndevu, akamwambia alipendeza zaidi zamani, watu wakacheka. Yangu ikawa ya mwisho. Akanitazama kwa utulivu, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tanga, halafu Johannesburg. Akasema mhuri hana. Akachovya kidole gumba kwenye shira iliyobaki chini ya kopo, akakikandamiza kwenye ukurasa mtupu, akafunga, akanipa kwa mikono miwili. "Sasa umeingia," akaniambia.

Nimesimama kwenye madirisha mangapi ya uhamiaji, dada, na wewe unajua nilikuwa narudi na hali gani. Hakuna aliyewahi kunipa paspoti yangu kwa mikono miwili.

Kopo tuliliacha pale. Chombo hakidaiwi. Zuhura alinishika mkono njia nzima, hakunisomea risala, na mimi sikumwomba msamaha kwa maneno, nilimnunulia ua kwa yule mama, naye akakataa kupokea pesa yangu. Hotelini Zuhura akazirudisha paspoti kwenye kisanduku, akabadilisha namba, akaniita. Akanionyesha namba mpya. Akasema, "Ujue na wewe, Mama." Namba ni siku niliyompata yeye.

Jumapili tulikuwa bandarini saa tatu, mapema kuliko wenye meli. Kila mmoja alishika paspoti yake mkononi, peupe, na mimi pia. Nilitembea na yangu mkono wa kulia kama mtu aliyeshika mwaliko. Binti wa mezani alipofungua, ule ukurasa ukamng'ang'ania kidole, akajinusa, akanitazama. Nikatulia. Halafu akaniuliza kwa upole, kama wanavyouliza wote, safari yangu hii ni ya nini.

Zamani swali hilo lilikuwa linanikausha mate. Nilikuwa na majibu ya kila namna, ya kazi, ya mgonjwa, ya fujo, nimeyakariri. Zuhura alikuwa nyuma yangu.

Nikamjibu, "Natembea tu, mwanangu."

Akanifungulia njia. Hayo ya melini, na ya jinsi Swaleh alivyotapika siku tatu, utayasikia kwenye simu, maana hayo hata simu ikikatika hayana hasara.

Nisalimie shemeji, umwambie aache kulala dirisha wazi. Unisalimie sana mwalimu wangu wa chuo aliyenishika mkono nikaijua alifu, na mjomba fundi cherehani, na Bi Rehema wa mkaa, na binti yako mkunga, mwambie mama zake wadogo wa Bertrams, wa kwetu na Wakongo pia, wanamwombea dua. Salma anakusalimu, safari hii kwa Kiswahili: "Shikamoo bibi." Kasema bila kutumwa. Zuhura anakuamkia, na anauliza paspoti yako inaisha lini. Mjibu mwenyewe, mimi simo.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Mama Zuhura